Nambari Themanini na Tatu

Mzee Chizondo alizikwa Msambweni siku ya Jumatano baada ya sala ya alasiri, nami nilifika kesho yake, nimechelewa kama kawaida yangu. Wanawake walinipisha mkekani, wakanisogezea sinia la wali na mchuzi wa papa, wakaanza kuniuliza habari za miguu yangu. Marehemu alikuwa mkuu wangu katika kazi ya kwanza niliyowahi kufanya, na nilikuwa nimejiandaa kulia kidogo, kula kidogo, na kurudi nyumbani Waa kabla ya magharibi. Ndipo alipoingia uani mzee mmoja mrefu, anatembea ametanua miguu, mkono mmoja ameuweka begani mwa mwanamke wa makamo aliyekuwa akimwongoza baina ya viti. Alitoa pole kwa sauti kubwa mno hata waliokuwa wakisoma Kurani wakanyanyua vichwa. "Msameheni," alisema bibi aliyeketi ubavuni pangu, "ni kiziwi huyo. Atoka bara huko, Mackinnon Road. Hasikii hata radi." Sikuhitaji kuambiwa. Nilijua masikio yale yalianza kufa mwezi gani, na nilijua kosa lilikuwa la nani. Nililisukuma sinia, nikasingizia pilipili.

Walionijua baadaye, nikiwa mwalimu, watakwambia kwamba mimi ni mkali na siogopi mtu. Na waseme. Mimi ni mwoga, na mwaka ulionifunza uoga ni ule mwaka wa Uhuru, nilipokuwa karani wa nambari katika shamba moja la miwa bara ya Msambweni. Nilianza baada ya masika na niliondoka kabla ya masika ya pili, kwa hiyo hata mwaka wenyewe haukutimia. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mwandiko mzuri, na kiburi cha kuwa msichana wa pekee katika afisi ile. Nilipanga chumba kwa Bi Mwanaisha, mjane aliyekuwa akiwapikia mihogo na maharagwe ya nazi wafanyakazi wasiokuwa na wake. Chumba changu kilitenganishwa na jiko lake kwa ukuta wa udongo usiofika juu, na yote yaliyosemwa jikoni yalinifikia kitandani pamoja na moshi. Nilizijua ndoa za watu, magonjwa yao na madeni yao ya tumbaku bila kuuliza neno.

Kazi yangu naweza kuieleza kwa maneno machache, na ndiyo maana naona aibu kwamba iliweza kumdhuru mtu. Kila mfanyakazi alikuwa na nambari iliyogongwa kwenye kibati cha shaba alichokivaa shingoni. Kwa nambari hiyo aliitwa asubuhi, alipimiwa posho, alipewa chumba cha kulala, na alitibiwa zahanati. Jina lake liliandikwa mahali pamoja tu, katika kitabu cha afisi yetu. Kwengine kote alikuwa nambari. Vibati vilikuwa mia nne, havikuzidi, kwa kuwa stoo ilikuwa na visanduku mia nne na aliyevitengeneza alikuwa amekwisha kufa. Watu walikuja na kuondoka kila wiki, basi nambari ilipoachwa na mmoja ilipewa mwengine. Ukutani palikuwa na ubao wenye misumari, na kwenye kila msumari kilitundikwa kibati kisicho na mwenyewe. Mezani palikuwa na karatasi kubwa yenye visanduku mia nne vilivyochorwa kwa rula. Nambari iliyo na mtu, kisanduku chake kilitiwa msalaba kwa penseli. Mtu akiondoka, msalaba ulifutwa kwa raba. Akija mgeni, unapitisha kidole tangu mwanzo mpaka kisanduku cheupe cha kwanza, unamvika kibati hicho, unatia msalaba. Hata mtoto angeweza.

Lakini Mzee Chizondo, ambaye enzi hizo hakuwa mzee bali mtu wa miaka arobaini mwenye miwani na koti lililofungwa vifungo vyote, alikuwa na sharti lake. Kibati kilichorudishwa hakikutundikwa msumarini siku hiyo. Kilitiwa kwanza katika kopo la kahawa chini ya meza yake, kikae humo mpaka stoo, nyumba na zahanati walete kila mmoja kijikaratasi cha kusema wameifuta nambari ile vitabuni mwao. Vijikaratasi vikitimia vitatu, ndipo kibati kilipotoka koponi. "Mtu huondoka na miguu yake, Mwanatumu," aliniambia siku ya kwanza, "lakini mambo yake hubaki nyuma yakimtafuta. Ukimpa mgeni nambari hii leo, mambo ya yule yatamshika huyu." Nilimwitikia vizuri. Moyoni niliona ni maringo ya mtu aliyekosa kazi nyingi za kufanya.

Desemba ilipofika shamba lilichafuka. Waliotaka kusherehekea Uhuru makwao waliondoka makundi kwa makundi, na waliotaka kazi walijaa mlangoni petu tangu alfajiri. Watu walikuwa na furaha, lakini ndani ya furaha hiyo mlikuwa na hofu, na sisi wa afisini tuliionja zaidi. Meneja Mzungu alikuwa akipita na kuchungulia vitabu vyetu bila kusema kitu. "Wanangoja tukosee," Mzee Chizondo alininong'oneza. "Tukikosea mara moja, watasema mnaona, hawa ndio wanaotaka kuendesha nchi." Juma lile la bendera aliitwa Kwale kwenye matayarisho ya sherehe, naye akaenda bila kumuaga meneja. Aliniachia ufunguo wa afisi na kuniambia: "Usifungue kopo." Hayo ndiyo maneno yake, wala hayakuwa na maelezo marefu.

Siku ya pili yake misumari yote ilikuwa mitupu. Niliwaambia waliokuwa mlangoni kwamba vibati vimekwisha, wakaondoka wakinung'unika, isipokuwa mmoja. Alikuwa Mduruma mrefu, mwembamba, kijana aliyenizidi miaka michache, miguu imejaa vumbi jekundu hadi magotini. Alichuchumaa kando ya mlango na kutoa salamu zote moja baada ya nyengine, za kwangu, za wazee wangu, za mvua ya kwetu. Jina lake Tsuma. Ng'ombe wao walikuwa wamekufa kwa ukame, na alikuwa ametembea siku tatu.

"Kaka, nambari hakuna," nilimwambia. "Rudi juma lijalo."

"Nikirudi nyumbani, dada, sitapata nguvu za kuja tena," alijibu kwa upole tu, kama mtu anayetaja masafa. "Niache nikae hapa nje. Pengine itaanguka moja."

Alikaa mpaka adhuhuri. Nilikuwa na kipande cha muhogo mezani nikashindwa kukila mbele yake. Koponi mlikuwa na kibati kimoja tu, themanini na tatu, kilichokuwa cha Hamisi wa Vanga, aliyechukuliwa na wajomba zake siku chache nyuma kwa maradhi ya kifua. Karatasi ya stoo ilikwisha kuja, ya nyumba pia. Ya zahanati ndiyo haikuwa imefika, kwa sababu dresa wa zamani, mchoma sindano, alikuwa amehamishwa na mpya, Bwana Elijah kutoka bara, alikuwa ndiyo kwanza anafungua makabati. Nikajiambia kwamba kesho nitakwenda zahanati mwenyewe nimwambie afute. Nikafungua kopo. Tsuma alikipokea kibati kwa mikono miwili, akakivaa, akakifuta kwa ncha ya shuka yake. Nilijiona mtu mwema sana siku ile, na wema huo ulinichukua mpaka jioni.

Kesho yake ilikuwa ngoma, na keshokutwa yake ngoma, na Mzee Chizondo aliporudi nilikuwa nimekwisha kutia msalaba katika kisanduku kile. Hakugundua. Nami kila nilipokumbuka kwenda zahanati niliona nimechelewa, na kila nilivyochelewa niliona ni vibaya zaidi kwenda. Ungeniuliza ningekwambia sina hofu yoyote, nina kazi nyingi tu.

Ilikuwa mwishoni mwa Januari nilipopata kusikia. Nilikuwa chumbani mwangu baada ya chakula cha mchana, nimejinyoosha, na jikoni Bi Mwanaisha alikuwa akipara samaki na mke wa nyapara. Walikuwa wamemaliza kuogopa habari za Unguja zilizokuwa zikiletwa na redio, wakahamia kwa majirani.

"Na yule Mduruma wenu mrefu," alisema mke wa nyapara, "siku hizi anakunywa? Jana nimemwona akipepesuka njia nzima."

"Hanywi yule," alijibu Bi Mwanaisha. "Anasema masikioni mwake mnalia nyenje mchana na usiku. Nikimwita chakula kiko tayari, mpaka nimguse bega. Naona ni zile sindano."

"Sindano za nini?"

"Huchomwa kila asubuhi ya Mungu, tangu alipokuja. Nilimuuliza, akaniambia kwani huku si kila mgeni huchomwa? Kwao ng'ombe wakinunuliwa huchomwa kwanza ndipo wachanganywe na wengine. Anaona ndiyo sheria ya shamba."

Nililala pale pale, siwezi kuinuka. Nilielewa yote kwa mara moja. Kadi za zahanati hazikuwa na majina. Kadi ya themanini na tatu ilisema mgonjwa wa kifua, sindano kila siku, siku nyingi. Bwana Elijah hakupata kumwona Hamisi kwa macho. Kila asubuhi kwenye mwito nyapara alisoma nambari za wagonjwa, na kila asubuhi Tsuma alitoka mstarini akaenda kuchomwa dawa ya mtu mwengine kwa utiifu, akashukuru. Dawa ile ilikuwa na ubaya wake kwa masikio, hilo hata mimi nilipata kulisikia. Jikoni magamba ya samaki yaliendelea kuparwa, wakahamia habari ya harusi.

Natamani ningesema kwamba yale niliyoyafanya baadaye niliyafanya kwa haraka. Sikufanya hivyo. Zilipita siku tisa, na nimeishi na siku hizo tisa kuliko nilivyoishi na miaka mingine yote. Niliogopa kufukuzwa, niliogopa jela, niliogopa Mzee Chizondo asije akanitazama juu ya miwani yake. Zaidi niliogopa kwamba Tsuma atakufa, na kila asubuhi nilisimama dirishani nihakikishe bado anatembea. Siku ya tatu nikatunga ujanja. Nilimwita afisini nikamwambia kibati chake kimechakaa, nikampa mia na kumi na saba, nikajua kwamba kesho themanini na tatu itaitwa na hapatatoka mtu, na mambo yatakwisha kimya kimya. Kesho nilikuwa dirishani kabla jua halijatoka. Nyapara akaita: "Themanini na tatu, sindano!" Hakutoka mtu. Akaita tena kwa nguvu. Nikaona aliye jirani na Tsuma akimgusa mkono na kumwonyesha nyapara kwa kidole, na Tsuma akatoka mstarini mbio mbio, amejishika shingo. "Ni mimi, bwana! Nimebadilishiwa kibati tu, lakini ni mimi!" Aliogopa wasimsahau. Akaenda zahanati ametanua miguu, na mimi nikalifunga dirisha.

Siku ya tisa nilimwambia Mzee Chizondo. Nilimwambia nimesimama, mlango umefungwa, na sikuacha kitu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua miwani, na ndipo nilipoona kwamba na yeye anaogopa.

"Nani mwengine anajua?"

"Hakuna, bwana."

"Mimi nilikuwa Kwale bila ruhusa. Na wewe ulifungua kopo. Wakijua, hawatatufukuza sisi wawili tu, Mwanatumu. Itaondoka afisi nzima, wataletwa watu wengine, na hadithi itakuwa hii mpaka mwisho wa dunia." Akachukua raba. Alifuta katika kitabu mstari wa Tsuma polepole, akapuliza vumbi la raba, akaandika upya kwamba mtu huyu aliajiriwa kwa nambari mia na kumi na saba tangu siku ya kwanza. Aliiga hata mwandiko wangu. Kisha akaenda zahanati mwenyewe, na kesho yake themanini na tatu haikuitwa.

Bwana Elijah hakuwa mjinga. Alinifuata nje mchana ule, koti jeupe mkononi. "Wewe karani, niambie ukweli. Ile namba ilikuwa ya nani?" Nilimwambia sijui, nambari huja na kuondoka. Akalivaa koti lake. "Huyo kijana kama angeacha sindano mapema, pengine masikio yangerudi," alisema. "Pengine yaliharibika wiki ya pili. Pengine wiki hii ya mwisho. Mimi siwezi kujua, ni dawa mbaya." Nami nimekuwa nikihesabu toka siku ile, wiki ya pili upande huu, siku tisa upande ule, na haijapata kunitokea hesabu moja. Tsuma kizunguzungu kilipungua lakini masikio yalifunga kabisa kabla ya mvua. Mtu asiyesikia alionekana hatari karibu na mashine, wakamrudisha kwao kwa maradhi, wakaandika kwamba ni maradhi aliyokuja nayo. Niliyaandika mimi hayo. Juma lililofuata niliomba ruhusa ya kwenda nyumbani na sikurudi. Nilisikia baadaye kwamba Mzee Chizondo alimtafuta, akampatia kazi ya kulinda lango la shule moja bara, na kwamba kila mwaka alimpelekea nguo za sikukuu. Alilipa kwa njia yake. Mimi sikupeleka hata salamu.

Kwa hiyo pale matangani nilinyanyuka. Nikavuka ua mpaka penye kahawa, alipokuwa ameketi na yule mwanamke. Nilifikiri hatanijua. Aliniangalia usoni kwa makini, kama wanavyoangalia watu ambao macho yao yanafanya kazi mbili, akasimama kwa kishindo mpaka kikombe kikamwagika.

"Karani!" alipaza sauti, na ua wote ukageuka. "Mbodze, huyu ndiye! Ndiye aliyenipa kibati siku ile nilipokuwa nakufa njaa! Wote walifukuzwa, mimi akaniita!"

Mbodze, binti yake, alinisalimu shikamoo na kunipa kiti. Alikuwa na uso mzuri uliochoka. Nilimuuliza anazungumzaje na babake, akaniambia kwa vidole, viganjani, kuna lugha yao wawili waliyoitunga. "Niliacha shule darasa la tatu," alisema, "mama alipofariki. Baba alihitaji masikio." Aliyasema bila kulalamika. Nikamwambia nina neno nataka amfikishie babake, na nikamwambia lote palepale, kwa sauti ya chini, kopo, kadi, siku tisa, raba. Sikulia. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi maisha yangu yote, lilitoka kwa mpango mzuri. Tsuma alikuwa akitutazama midomo, anatabasamu, anangoja zamu yake.

Mbodze alikiinua kikombe kilichomwagika, akakiweka sawa.

"Baba anaamini alipata maradhi ya kifua akiwa shambani," alisema mwishowe, "na kwamba sindano ndizo zilizomponya. Masikio anasema ndiyo bei, na alipunguziwa. Kila alfajiri anamshukuru Mungu kwa sauti, majirani wote wanasikia. Na wewe mama wataka nimwambie hakuwa mgonjwa."

"Nataka ajue. Ana haki ya kujua."

"Kwa mdomo gani? Kwa mikono yangu hii? Wewe useme mara moja uende zako Waa, mimi nirudi naye nyumbani?" Hakupandisha sauti hata kidogo. "Umekaa nalo muda wote huu, mama. Endelea kukaa nalo. Mimi sitambebea mtu hilo."

Tsuma alimgusa binti yake bega. "Anasema nini?" aliuliza kwa kishindo. "Karani anasema nini?"

Mbodze akakishika kiganja cha babake. Vidole vilikwenda humo kwa muda, kwa upole, nami sikuweza kusoma hata kimoja. Uso wa mzee uling'aa. Aliinama, akaichukua mikono yangu yote miwili akaitia kifuani pake, na akanishukuru, na kuniombea umri, mbele ya watu wote, kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyejisikia. Watu waliitikia amin. Sikuwa na la kufanya ila kumwomba Mbodze amwambie kwamba naaga sasa, nakwenda, nisiachwe na gari. Hilo alimfikishia.